Chumvi

Kichwa cha habari nilikiandika mimi.
Herufi nyekundu, kimo cha kidole cha shahada:
MPISHI WA MAUTI.
Mhariri, Bwana Olaechea, alikisoma akiwa amesimama,
akakung'uta majivu ya sigara ndani ya kikombe changu,
akasema, "Hakijakolea. Tia chumvi."
Nikaongeza alama ya mshangao.
Nikaongeza na nyingine.

Lima mwezi wa Julai haina mvua wala jua,
ina ukungu unaofyonza rangi za kuta
na vibanda ambamo kurasa za mbele
huanikwa kwa vibanio vya nguo, kama chupi za jirani.
Watu husoma wima, mikono mfukoni,
kichwa tu, bure,
wakaenda kazini na hukumu mdomoni
kama kijiti cha kuchokolea meno.

Jina lake Fortunata Ccahuana.
Alipikia jiko la mtaa huko vilimani
ambako ngazi ni nyingi kuliko nyumba.
Watoto kumi na wanne walishikwa na tumbo.
Mmoja, Yoel, hakurudi kutoka hospitali.
Hayo ni kweli. Hayo sikuyabuni.

Ngazi zile sikuzipanda.
Nilikuwa na simu, na picha yake ya kitambulisho,
na katika picha ya kitambulisho
nani asiyefanana na muuaji?
Polisi alisema, "Anahojiwa."
Anahojiwa lina herufi tisa.
Amekiri lina saba,
na safu yangu ilikuwa nyembamba.

Kufika saa nne asubuhi hapakubaki nakala.
Bwana Olaechea alituagizia kuku wa kuchoma.
Nilikula paja. Nakumbuka lilikuwa paja.

Jiwe la kwanza lilivunja dirisha lake,
la pili likatoboa sufuria kubwa,
ile ya kulisha watu themanini.
Mwanawe akaacha shule; darasani
walikuwa wakimnusia daftari.

Siku ya kumi na tisa maabara ikajibu.
Sumu ilikuwa ndani ya maziwa ya unga,
ndani ya magunia yaliyofika yamefungwa,
kutoka ghala la kampuni
iliyonunua ukurasa wetu wa mwisho kila Jumapili.

Marekebisho nayo niliyaandika mimi.
Mistari mitano, ukurasa wa ishirini na mbili,
chini ya matokeo ya mbio za farasi,
herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Bila mshangao.
Jina la kampuni halikuwemo.
Jina lake tulilikosea: tuliandika Fortunato,
na hilo kosa hatukulirekebisha,
maana nani hurekebisha marekebisho?

Miaka sita baadaye nilipanda.
Magoti yalinililia kila ngazi.
Nilimkuta kwenye kona, na mkokoteni,
akiuza mayai ya kware ya kuchemsha,
sita kwa soli moja,
akiyamenya kwa kidole gumba bila kuyatazama.
Chumvi alikuwa ameifunga mapema
katika vipande vya gazeti, vimesokotwa kama mishumaa.
Langu? Sikuthubutu kufungua kuangalia.

Hakunijua. Angenijuaje?
Waandishi wa vichwa hatuna majina.
Jina langu halijawahi kuchapwa popote
kwa rangi yoyote, kwa kimo chochote.

Nikamtajia. Jina kamili, la baba na la mama.
Nikaanza: "Mimi ndiye niliye..."
Nyuma yangu dereva wa teksi alipiga mluzi,
mtoto wa shule akanisukuma kwa begi.
Mama yule alinitazama
kama atazamwavyo mtu anayechelewesha foleni.

"Chumvi, bwana," aliniuliza, "utatia au hutii?
Wenzako wanangoja."